Bustani za mboga Igogo na bondeni, kwa wanaotaka kitu cha kuiga

Kama unaishi Mwanza na unasema huwezi kulima kwa sababu kwako ni mawe matupu, panda Igogo ukaone wenzako aisee. Boda inaishia chini, unamalizia kwa miguu kwenye vinjia vya katikati ya mawe, ukifika juu umechoka lakini utasahau.

Mama mwenyeji wa kule hana kiwanja cha kulima hata kidogo, ana viroba vya mchele, ndoo zilizopasuka na matairi, vyote vimebanwa kati ya majabali na vyote vina mboga. Kilichonikosha mimi ni anavyojaza kiroba. Anachukua ndoo ndogo iliyotolewa kitako anaisimamisha katikati, ndani yake anatia kokoto, pembeni anatia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, halafu anaivuta ndoo juu kidogo anajaza tena, hivyo hivyo mpaka kiroba kinajaa na katikati panabaki nguzo ya kokoto toka chini hadi juu. Ukimwaga maji pale yanashuka na kusambaa pande zote, bila hivyo miche ya juu inakunywa yote na ya chini inakauka. Ubavuni anatoboa vitundu anapanda mchicha na chainizi, juu nyanya chungu. Na viroba vyote kaviweka upande unaopata jua la asubuhi tu, maana jiwe likishapigwa na jua la saa nane linachoma mpaka mizizi.

Ziwa lote unaliona pale lakini maji ni ya kubeba kichwani, kwa hiyo ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi hovyo, yanaenda kwenye kokoto. Ya sabuni hatii.

Shamba la kikundi cha kina mama kule bondeni ni kubwa na limependeza, matuta yamenyooka, sukuma wiki, mnavu, mgagani umestawi kweli, na wanakaribisha watu vizuri, yaani mdada mmoja alinielekeza kupika mgagani kwa maziwa ili uchungu upungue. Ila wanamwagilia maji ya mfereji unaopita katikati ya makazi, na mfereji ule unabeba kila kitu cha mtaani. Nilipouliza waliniambia wazi kwamba kiangazi hawana maji mengine, nikawaelewa, na naumia kwa sababu kazi yao ni nzuri mno. Nikanunua mgagani maana unachemshwa sana, vya kula vibichi kama kachumbari pale nisingechukua. Anayeweza kuwasaidia kisima awasaidie jamani.

Ukiwa na nafasi ya kwenda sehemu moja tu, nenda Igogo, na uende asubuhi mapema wakati anamwagilia. Kiingilio hakuna, beba vipando vya matembele au mbegu za mlenda, atakupa za kwake mbadilishane.