Wodini au kliniki: wapi muuguzi atafika miaka 60?

Tanzania, mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Muuguzi aliyeajiriwa akiwa na miaka 25 ana miongo mitatu na zaidi mbele yake.

Wodini kuna zamu, na zamu ya usiku ndiyo inayomla mtu. Usingizi wa mchana, watoto wakicheza uani na jirani kafungulia redio, huo si usingizi. Kisha mgongo: kumgeuza mgonjwa aliyepooza asipate vidonda vya kulala, kumhamishia kwenye machela, pengine mko wawili tu kwa wodi nzima. Ila wodi inafundisha. Aliyekaa wodi ya upasuaji miaka mitano humtambua mgonjwa anayebadilika hali kwa kumtazama tu usoni.

Kliniki ya mama na mtoto ni kazi ya mchana: mizani, chanjo, kadi, uzazi wa mpango. Usiku unalala kwako. Kinachochosha ni foleni na rejista za MTUHA, mfumo wa kukusanya taarifa za huduma za afya. (Kwenye zahanati ya kijijini nafuu hiyo haipo, muuguzi huyohuyo hugongewa mlango saa nane usiku akazalishe.)

Mimi ningeanza wodini nikiwa na nguvu, na nikikaribia miaka 45 nipeleke maombi ya kuhamia kliniki kwa muuguzi mfawidhi, mgongo ukiwa bado mzima.