Boksi la masomo ya nyumbani kutoka Marekani: ibada nyota 5, uraia nyota 2, gundi sifuri

Nimelitumia boksi hili mwaka mmoja na miezi mitatu, basi nadhani nina haki ya kulisema. Ni lile la vitabu vya kusomeshea watoto wa Kikristo nyumbani, linatoka Marekani, la watoto wa miaka 8 hadi 11. Kampuni siitaji, sitaki ugomvi na watu. Nililinunua mkononi kwa familia ya wageni iliyokuwa inahama Unguja, shilingi 150,000: vitabu 6, kadi za aya, chati ya ukutani, stika, na kengele ndogo ya shaba ambayo mpaka leo sijui kama ni ya boksi au waliisahau.

Kabla hamjaniuliza, wanangu hawajaacha skuli. Wakubwa wawili wako mkondo wa mchana skuli ya serikali, asubuhi wako nyumbani. Asubuhi hiyo watoto wa majirani wote wako chuoni, wanasoma Kurani. Utawaona wanapita na juzuu zao kifuani, kofia zimelala upande, na wangu wamekaa kibarazani wanacheza vijiwe. Mchana skulini, kikifika kipindi cha Dini, wenzao wanafungua madaftari, wao wanatoka kukaa chini ya mwembe. Hawafukuzwi, na mwalimu wao ni mpole sana, ila somo silo lao. Siku moja yule wa pili akarudi akaniuliza, "Mama, dini yetu sisi haina daftari?"

Jumapili ipo na katekesi ipo. Lakini swali la daftari lilinikaa. Ndipo nilipoliona boksi.

Wiki ya kwanza tulisomea barazani kwa sababu ndani joto. Bibi wa nyumba ya pili akasimama na kapu lake la sokoni, akasikiliza watoto wakikariri, akasema, "Ahaa, na nyinyi mmefungua chuo." Basi jina likaganda, hata sisi wenyewe tunasema "njooni chuoni". Nikacheka sana usiku nilipofungua kitabu cha mzazi, maana kina sura nzima ya kukufundisha namna ya kuwajibu ndugu na majirani wanaokushangaa kwa kusomesha watoto nyumbani. Huko kwao jambo hili ni halali katika majimbo yote 50, kila jimbo na masharti yake, na bado mzazi anaonekana ana la kujieleza. Hapa mtoto kufundishwa dini nje ya skuli ndiyo desturi. Asiyefundishwa ndiye anayeulizwa. Sura hiyo nilisoma kurasa 3 nikairuka. Nyingine niliyoiruka ni ile inayosema skuli ni mahali pa kumwepusha mtoto. Wangu marafiki zao wako huko.

Sasa uzuri wake. Sehemu ya ibada ya familia imetungwa na mtu aliyewahi kukaa na watoto wenye usingizi. Ni dakika 20 tu: kengele, wimbo, zaburi, aya ya wiki, sala, halafu swali moja. Hakuna mahubiri. Nililelewa kwa sala za asubuhi ambazo marehemu baba alikuwa anazirefusha mpaka chai inapoa, kwa hiyo hili peke yake lilinishinda moyo. Na yale maswali! Tulipofika kwa Msamaria mwema, mimi nilijiandaa kueleza Msamaria ni nani, Mlawi ni nani. Kitabu kikauliza tu: jana ulipita wapi, na ulimpita nani? Yule wa pili akafikiri, akasema, "Yule mzee wa mkokoteni, ule mkokoteni ulikuwa umekwama kwenye shimo, na mimi nilikuwa nakimbilia mpira." Hakuna aliyesema neno. Kesho yake kengele haijapigwa yuko nje anaangalia njia.

Kengele ni kazi ya kitindamimba wangu, miaka 4, na hakuna anayethubutu kuigusa. Tunaanza adhana ya alfajiri imekwisha na chai iko jikoni. Kitabu kinataka saa moja kamili, lakini mtaani kwetu saa moja kamili ni kelele za gari na muuza boflo.

Kasoro ya ibada ni kwamba waliotunga si watu wa kalenda. Kwaresima hakuna, Majilio hakuna, watakatifu hawajulikani. Sisi Waanglikana wa Zanzibar tumezaliwa na moshi wa ubani puani, tukaona boksi liko wazi kidogo. Nikajaziliza mwenyewe kwa Kitabu cha Sala. Si shida kubwa.

Karatasi ni nene na nzuri, gundi ni balaa. Masika ya kwanza jalada za vitabu 4 zilijikunja kama samaki kwenye kikaango, na mende walikula utepe wote. Chati ya ukutani ina misimu minne, mmoja wa majani mekundu na mwingine wa theluji. Watoto wameibandika karatasi juu, wakachora kaskazi, masika, kipupwe na vuli, kwenye vuli wakaweka embe. Kiingereza chake ni chepesi, usiku natafsiri, asubuhi nasema kwa Kiswahili, mkubwa ananikosoa.

Tunakuja kwenye uraia, ambako ndiko nilikotaka kufika.

Kitabu cha 5 kinahusu imani na nchi. Kinaanza kwa kiapo cha bendera ya Marekani, mtoto akiwa ameweka mkono kifuani. Mkubwa wangu, ambaye husoma mpaka maandishi madogo ya chini, akaona kwamba kiapo kile kiliandikwa 1892 na yale maneno ya kuwa taifa liko chini ya Mungu yaliongezwa 1954. Akauliza, "Kwa hiyo miaka yote ile Mungu hakuwemo?" Nikamwambia aulize na la kwetu. Tukatafuta. Wimbo wetu wa taifa asili yake ni wimbo wa kanisani, aliutunga Enoch Sontonga, mwalimu wa skuli ya misheni Afrika Kusini, mwaka 1897. Yeye Mungu alianza naye mstari wa kwanza. Watoto walijivuna siku mbili, kama wametunga wao.

Halafu kuna kadi za kuombea viongozi, kwa msingi wa 1 Timotheo 2. Wazo zuri kabisa, lakini kadi zimeandikwa gavana, seneta, meya, jaji wa kaunti. Tulizigeuza tukaandika nyuma kwa kalamu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hata mimi mama mtu somo limenipita. Rais wa Muungano, kadi moja. Rais wa Zanzibar, kadi nyingine. Makamu wa Kwanza na wa Pili. Mbunge anakwenda Dodoma, mwakilishi anakaa hapa hapa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Diwani. Sheha, kiongozi wa shehia yetu. Tulikosa kadi tukakata boksi la majani ya chai. Jumatatu tunaombea mmoja, kwa cheo na kwa jina, tukimpenda tusimpende. Mume wangu ana mmoja ambaye kila kadi yake ikitoka anakohoa kwanza.

Somo linalofuata ni Yeremia 29, barua kwa waliohamishwa Babeli, kwamba wauombee amani mji walioko. Kitabu kinaeleza kuwa Mkristo ni mgeni duniani na aishi vizuri ugenini. Maelezo hayo labda yanafaa kwao. Kwangu yalitoa swali baya. "Mama, sisi hapa ni wageni?" Nilifunga kitabu. Nikawaambia bibi yake bibi yangu amezikwa Mbweni, aliletwa akiwa mtoto, meli ya Waingereza ikamtoa kwenye jahazi la watumwa, wamisheni wakampokea. Hakuja kutembea. Wewe ni mtu wa hapa kuliko mwembe ule. Ukiuombea mji huu amani, unauombea wako.

Ndiyo maana sura ya Wilberforce ilinigusa na kuniudhi pamoja. Ni sura iliyoandikwa kwa ufundi: mbunge Mkristo wa Uingereza, miaka na miaka anapeleka hoja, anashindwa, anarudi, biashara ya watumwa ikapigwa marufuku 1807, na yeye akafa Julai 1833, mwaka ule ule sheria ya kuwaachia watumwa katika makoloni ya Uingereza ilipopita. Chini kuna sanduku la rangi ya samawati linasema utumwa ukaisha. Mtoto akafunga ukurasa ameridhika.

Jumamosi yake tukapanda daladala mpaka Mkunazini. Kanisa kuu la Kristo nimebatizwa humo, lakini kulipia kiingilio na kumfuata mwongozaji kama mgeni sikuwahi. Mwongozaji wetu alikuwa Mwislamu, kijana wa mjini, na aliisimulia habari ya kanisa vizuri kuliko mimi. Akawasimamisha watoto mbele ya madhabahu, penye duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, akawaambia hapa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa 1873, Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alitia saini tarehe 5 Juni, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa. Mkubwa akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kitabu kimesema 1833." Miaka 40, mwanangu. Na 1873 ni soko na usafirishaji baharini tu. Utumwa wenyewe Unguja na Pemba ulipigwa marufuku 1897, na masuria waliachwa nje mpaka 1909.

"1897," akasema, "mwaka wa wimbo." Mimi sikuwa nimeunganisha.

Akauliza tena, na hili nalileta kama lilivyo: Sayyid alitia saini kwa sababu ya Mungu au kwa sababu ya manowari? Maana mwongozaji alisema wazi kwamba balozi wa Uingereza, John Kirk, alitishia kukizingira kisiwa. Nikamwambia amwulize padri Jumapili. Padri akamsikiliza mpaka mwisho, akasema swali hilo na yeye analo. Yule wa pili alipenda zaidi nguzo karibu na birika la ubatizo, ambazo inasimuliwa mafundi walizisimamisha kichwa chini Askofu Steere, aliyelijenga kanisa, alipokuwa safarini, na zimeachwa hivyo hivyo.

Kitabu kinapenda shujaa mmoja na tarehe moja. Ukikinunua, tenga nauli ya Mkunazini.

Zoezi la mwisho la sura linasema: mwandikie barua mwakilishi wako katika Kongresi kuhusu jambo lisilo la haki. Wangu waliamua kuandika kuhusu mtaro. Mtaro wa njia yetu umeziba kwa mifuko na makumbi, mvua ikinyesha maji yanaingia kwa bibi wa nyumba ya pili kabla hayajaingia kwetu. Waliandika ukurasa mmoja, nikawapeleka kwa sheha.

Sheha alikuwa amekaa nje na miwani puani. Wakampa shikamoo, akaitika, akaisoma barua mara mbili. Yule wa pili hakungoja. "Babu, wewe alikuchagua nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Sheha akavua miwani. "Mimi sikupigiwa kura, mjukuu wangu. Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa."

"Sasa watu wakikukasirikia?"

"Wanakuja hapa, kama ulivyokuja wewe."

Akawaambia barua haina jina la mtaa wala tarehe, na isainiwe na mtu mzima. Wakaandika upya pale pale kwenye benchi lake. Akaigonga muhuri, akaitia kwenye faili, halafu akaniambia mimi, "Mama, hii itakwenda Manispaa, lakini mvua haingoji faili. Jumamosi nitatangaza."

Jumamosi walitoka watu 20 na kitu na majembe. Bibi wa nyumba ya pili alileta birika la chai ya tangawizi na boflo za mtaa mzima. Wangu walirudi na tope mpaka magotini, na mkubwa amekanyaga kigae, si sana. Boksi lina stika ya dhahabu iliyoandikwa raia bora ya kumpa mtoto akimaliza sura. Niliwapa. Wakaibandika kwenye jembe.

Mtaro umezibuka nusu, kuanzia kwetu mpaka kona. Nusu ya chini bado.

Kwa hiyo, anayefaa kulinunua ni mzazi anayesoma Kiingereza bila kutafuta kamusi kila mstari, mwenye dakika 20 za asubuhi na anayeweza kumwambia mtoto "kitabu kimekosea hapa". Anayetaka kumpa mtoto kitabu akaendelea na mapishi asijaribu, hasa kitabu cha 5. Na jalada azivishe plastiki siku ya kwanza, kabla ya masika.

Sisi tumeshalimaliza. Mkubwa sasa ana miaka 12, wa pili nitamtafutia la juu yake. Hili nitalitoa kwa mtu wa kanisani au mtu yeyote anayelitaka, bure, kwa masharti mawili: kadi za viongozi zimeandikwa nyuma na hazifutiki, na kengele haitoki. Mwenyewe analala nayo.