Kupima mabomba ya maji machafu kabla ya kufukia: uzoefu wangu Moshono

Fundi aliyenilazia mabomba alimwaga ndoo mbili za maji kwenye choo cha wageni, yakatokea kwenye chemba, lile shimo la kukagulia mabomba, akaniambia, "Mama, yanapita vizuri, tufukie." Nilikataa. Nyumba tuliyokuwa tumepanga kabla ya kujenga ilitoa harufu ya choo jikoni kwa miaka miwili. Siku mwenye nyumba alipokubali kuvunja vigae, tulikuta ungio linavuja chini ya sakafu na udongo umelowa mpaka kwenye msingi. Na huko nako maji yalikuwa yanapita vizuri! Ndoo itakuonyesha kama bomba limeziba, basi. Maji yale yanateleza chini kwa chini sekunde chache tu, hayajai bomba, kwa hiyo ungio bovu halipati nafasi ya kujionyesha.

Mkaguzi wa jiji alikuwa aje Ijumaa. Jumatatu nikampata fundi mwingine hapa Arusha ambaye kazi yake ni kupima tu. Bei tulielewana shilingi 120,000, vifaa vyake, maji yangu. Hapo kwenye maji ndipo nina lalamiko, nitalisema.

Alikuja na vizibo vya mpira vinavyojazwa upepo kwa pampu ya baiskeli. Kimoja akakiingiza kwenye bomba la inchi 4 pale linapoingia chemba, akakiegemeza kwa kipande cha mbao na jiwe. Nilipouliza jiwe la nini, akanieleza kwamba maji yakisimama mita 3, kizibo cha inchi 4 kinasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 25. Kikichomoka kinaweza kumuumiza mtu. Matundu mengine yote, ya sinki, bafu na vyoo, akayaziba. Akabakiza moja, akalisimamishia bomba la mita 3. Akajaza polepole ili hewa ipate kutoka, akaacha maji yatulie, akaongezea, kisha akachora mstari wa kalamu usawa wa maji. Kipimo hicho cha mita 3 kwa dakika 15 bila maji kushuka ndicho kinachotumika sana Marekani.

Mimi nilidhani angetumia kompresa, ingekuwa haraka na maji yangebaki. Akakataa katakata: bomba la plastiki likipasuka likiwa na hewa iliyoshindiliwa, vipande vinaruka. Baadaye nilisoma maonyo ya watengenezaji wa mabomba ya PVC, wanasema hivyo hivyo.

Dakika 10 hazijaisha, maji yalikuwa yameshuka sentimita 4. Kwa macho ni kidogo, lakini kwenye bomba la inchi 4 hiyo ni kama theluthi ya lita. Piga hesabu ya nyumba yenye watu sita, kila siku, chini ya sakafu.

Kulitafuta tundu ndiko kulikonishawishi kwamba huyu anaijua kazi. Hakubahatisha. Alihamisha kizibo akapima nusu ya kwanza ya njia, mstari ukatulia. Akaja nusu ya pili, ukashuka. Kisha akapita na tochi ungio kwa ungio, akipangusa kila moja kwa kitambaa kikavu, mpaka kwenye elbo (kipande cha kona) ya bafu la watoto. Ilikuwa imesukumwa tu, haina gundi hata chembe. Akaikata, akaweka elbo mpya na soketi ya kuungia, akatuambia tusijaze maji mpaka gundi ilale usiku mzima. Kesho yake alirudi bila kudai nyongeza. Mstari ulikaa pale pale nusu saa nzima.

Sasa lalamiko. Hakuniambia mapema ni maji kiasi gani. Mita moja ya bomba la inchi 4 inameza lita 8 na zaidi, na letu na matawi yake ni mita 20 hivi. Siku hiyo bomba la mtaani lilikuwa kavu, ikabidi kijana wa mkokoteni atuletee mapipa mawili kwa bei ya juu. Pia alichelewa kwa muda wa saa tatu bila kupiga simu. Maji angalau hayakupotea. Mabomba ni mapya, tuliyachota chembani tukamwagilia zege la baraza.

Ijumaa mkaguzi alikuta mtaro uko wazi na maji yamesimama kwenye mstari. Alichungulia chemba, akapima mteremko, akasaini. Fundi nampa nyota nne kati ya tano. Ile iliyobaki ni ya simu ambayo hakuipiga.

Mwezi ujao namwita tena kwa nyumba ndogo ya uani. Mapipa nitayajaza tangu usiku.