Usiku kucha kwenye treni na mbwa wangu: uzoefu wangu

Nimeshasafiri na Shaba kwa treni mara tatu, na safari ndefu kuliko zote ilichukua saa 13, tangu jioni hadi asubuhi. Shaba ni jike, chotara, ana kilo 18 na umri wa miaka minne. Kwenye gari dogo hutapika kabla hata saa ya kwanza haijaisha. Kwenye treni hajatapika hata mara moja. Hilo peke yake lilitosha kunifanya niipende reli: hakuna kona kali wala breki za ghafla, na mbwa anapata sakafu ya kujinyoosha.

Kazi ilikuwa kupanda. Nilijiandaa kwa mambo ya ndani ya behewa, nikasahau kwamba kati ya jukwaa na ngazi kuna pengo, na chini ya pengo ni giza tupu. Shaba alifika pale, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya chuma yenye matundu, akaurudisha. Akauweka tena, akaurudisha. Watu wamejipanga nyuma yetu. Ikabidi nimbebe, naye anatetemeka mwili mzima. Safari iliyofuata nilifika stesheni mapema, nikamwacha asikilize treni mbili zikiingia na kuondoka, halafu tukapanda kabla watu hawajawa wengi. Alipanda mwenyewe. Sisi binadamu masikio yetu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, ya mbwa hupita 40,000, kwa hiyo mlio wa breki unaotukera sisi, yeye unamuumiza zaidi.

Kiti nacho kina maana kubwa. Mara ya kwanza tulikaa karibu na mlango, pale mabehewa yanapoungana, na vyuma viligongana usiku mzima. Kila mlango ulipofunguka Shaba aliinua kichwa. Mara ya pili nilichagua katikati ya behewa, upande wa dirisha, nikamtandikia blanketi lake la nyumbani ambalo sikulifua makusudi ili libaki na harufu anayoijua. Haikupita nusu saa akaweka kidevu juu ya kiatu changu, nikaanza kuhisi pumzi yake ya moto kwenye soksi. Akalala.

Jirani yetu safari ile alikuwa mzee mmoja aliyeniambia mapema, "Binti, mimi naogopa mbwa, nilishawahi kuumwa." Nikamwambia, "Usijali mzee, namhamishia huku kwangu." Nikafupisha kamba, tukafika salama wote. Ulizeni kabla hamjakaa. Abiria mwenzako naye amelipa nauli.

Sasa suala la haja, ambalo ndilo lililonitesa. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kujizuia saa 6 hadi 8 hivi. Nilimpa chakula nusu ya kawaida, saa nne kabla ya kuondoka, na maji kidogo kidogo njiani. Ratiba ilionyesha tungesimama dakika 15 kwenye stesheni moja usiku wa manane, nikategemea hapo. Treni ilikuwa imechelewa, wakafupisha kusimama mpaka dakika nne, na hakuna aliyetutangazia. Tumeshuka, Shaba bado ananusa nusa akitafuta pa kukojoa, kondakta ananiita nirudi ndani. Nilimtandikia vitambaa vya kunyonya mkojo karibu na choo, akavikataa kabisa, kwa sababu ndani si mahali pake. Alijizuia mpaka asubuhi. Aliposhuka na kukanyaga nyasi alikojoa muda mrefu sana, nikasimama pale roho inaniuma. Nililiandikia shirika malalamiko, sijajibiwa.

Dawa za usingizi sikumpa. Daktari wa mifugo alinikataza: humlegeza mbwa asiweze kujishika treni inapotikisika. Alikagua kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, akanikatia kucha za Shaba, basi.

Kuhusu masharti, soma ya shirika utakalopanda, maana hayafanani hata kidogo. Amtrak ya Marekani hupokea mbwa asiyezidi ratili 20 pamoja na kizimba chake, yaani kilo 9 hivi, na safari isizidi saa 7. Shaba wangu hapo angeachwa. Ujerumani mbwa mkubwa husafiri akiwa na kamba na kifunga mdomo. Uingereza abiria anaruhusiwa mbwa wawili bila malipo, lakini ukitaka kuvuka kwenda Ufaransa kwa Eurostar, wanaoruhusiwa ni mbwa wasaidizi tu. Tiketi ya kwenda na ya kuunganisha unaweza kuzipata kwa mashirika mawili yenye masharti mawili.

Nitaendelea kumpandisha Shaba treni, ila si saa 13 mfululizo tena. Safari ijayo nimeshaigawa: saa 6 siku ya kwanza, tunashuka, anatembea na kulala, kisha saa 7 kesho yake.