Meza ya sarafu ya Ngamiani, Tanga: ukaguzi wake ni wa kuaminika, usafishaji wake unanisikitisha

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikipitia chenji yangu kila jioni, nikitafuta sarafu zilizotoka kiwandani zikiwa na kasoro kwa ajili ya mkusanyo wangu. Hapa Tanga, mtu niliyemwona akiweza kunieleza kwa uhakika kile ninachokishika mkononi ni mzee mmoja anayepanga sarafu zake juu ya meza ya mbao, kwenye baraza ya nyumba huko Ngamiani. Hununua, huuza na hukagua, na ukaguzi hautozi senti hata kama mteja ataondoka bila kununua kitu.

Siku ya kwanza nilimpelekea sarafu mbili. Moja ilikuwa ya shilingi 200 niliyorudishiwa na konda wa daladala. Nilikuwa nimeishika kwa vidole viwili, kimoja juu ya kichwa cha Mzee Karume na kingine chini yake, nikaigeuza, nikaona simba wa upande wa pili wameinama kuelekea kulia, kiasi cha kufika penye namba 2 kwenye saa ya ukutani. Mzee hakujibu haraka. Alitoa sarafu tano za thamani hiyo hiyo kwenye kopo lake, akazigeuza moja moja mbele yangu kwa namna ile ile, na zote simba wao walisimama wima. Ndipo akanieleza kwamba sarafu hugongwa kati ya vyuma viwili vilivyochongwa, kimoja kwa kila upande, na chuma kimoja kikilegea na kuzunguka mashineni, picha ya upande huo hupinda huku ya upande wa pili ikibaki mahali pake. Alinipa ofa ya shilingi 4,000, nami nikakataa kwa sababu naipenda. Hakununa wala hakunishikilia.

Ya pili ilikuwa ya shilingi 100, yenye picha ya swala, lakini nyeupe badala ya njano. Niliinunua kwa bei kubwa kwa mtu aliyenihakikishia kwamba ilitoka kiwandani vile. Sarafu hizi ni za chuma kilichopakwa shaba ya njano, kwa hiyo sarafu iliyokosa mpako tangu kiwandani ingependeza sana kuwa nayo. Mzee alinipa lensi yake, akaniambia nitazame pembe za swala na kingo za herufi. Pembe zilikuwa zimelika, na uso wote umejaa vishimo vidogo kama ganda la ndimu. "Mwanangu, hii haikuzaliwa nyeupe," alisema, "imelowekwa kwenye tindikali." Angeweza kuinunua kwangu kwa bei ya chini na kumwuzia mwingine, badala yake alinirudishia, akanitaka niitunze ili niwe naikumbuka nitakapoletewa nyingine ya aina hiyo. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika biashara hii, kwa kuwa wengi huuza sarafu iliyopigwa nyundo au kuchomwa moto kwa jina la kasoro ya kiwandani.

Bidhaa zake nyingine ni za kawaida kwa mji huu: heller zenye tundu, yaani sarafu ndogo za enzi ya ukoloni wa Wajerumani, senti za Afrika Mashariki, na senti 20 zetu za mbuni zilizochakaa. Kilichonivutia ni heller 20 za mwaka 1916 zilizogongwa Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipozuiwa kuleta sarafu kutoka kwao wakalazimika kuzitengeneza kwenye karakana ya reli. Alikuwa nazo tatu, kila moja na sura yake, na katika moja taji limesogea ukingoni. Anayependa kasoro za ugongaji atakaa hapo saa nzima bila kujijua.

Lakini sarafu mbili kati ya hizo tatu ziling'aa kama sinia la arusi. Mzee huzisugua kwa ukwaju na majivu, kama tunavyosafisha vyombo vya shaba nyumbani, kwa kuwa wateja wengi wanaopita huvutiwa na mng'ao. Usuguaji huo huondoa rangi ya kahawia ambayo shaba huijenga kwa miaka mingi, huacha mikwaruzo inayoonekana kwenye lensi, na sarafu hairudi tena ilivyokuwa. Mkusanyaji makini hatalipa bei ile ile. Nilimweleza hayo kwa adabu, naye akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama hata mafuta ya nazi yana madhara. Nikamwambia ni afadhali aziache kama zilivyo.

Hufungua baada ya alasiri, na bei zake hupungua kidogo ukizungumza naye vizuri. Heller ya tatu, ile yenye taji lililosogea na ambayo bado haijaguswa na ukwaju, ameifunga kwenye karatasi akaniwekea hadi mwisho wa mwezi.