Taa za kuzama kwenye siling ya jikoni: volti 12 au 240?

Dukani utaambiwa, "Dada, chukua za volti kumi na mbili, hizi hazili tokeni." Si kweli. Mita haijui volti, inajua wati na muda. Halojeni, ile balbu ya zamani inayochoma, ya wati 50 inakula wati 50, iwe ya volti 12 au 240, na ile ya 12 ina kingine kinachopotelea kwenye transfoma, kile kiboksi cha kushusha 240 iwe 12. Tokeni zinaokolewa na LED: sita za wati 5 ni wati 30 badala ya 300.

Ya kwanza kwangu ni taa ya 240 yenye kichwa cha GU10, yaani balbu ya vijiguu viwili vya kusukuma na kuzungusha. Waya wa stima unaingia moja kwa moja, hakuna dude la katikati. Balbu ikifa, zima swichi kuu, isukume, izungushe, tia nyingine. Fundi wa nini?

Ya pili ni zile bapa za LED zisizo na balbu ya kutoa. Zinafaa siling ya jipsam iliyoshushwa kidogo tu chini ya zege, juu hakuna nafasi. Ikiharibika unatupa taa nzima, na ya kulingana na lile tundu huenda usiipate tena. Nunua mbili za akiba siku hiyo hiyo.

Ya tatu, volti 12. Waya zinazotoka kwenye transfoma kwenda kwenye taa hazikupigi shoti, hilo nalikubali. Lakini transfoma inakaa juu ya siling, kwenye joto na hewa ya chumvi. Kwetu taa mbili zilianza kupepesa baada ya kubadilisha halojeni kwa LED. Fundi akapanda ngazi, akashuka na transfoma imeota kutu ya kijani kwenye skrubu za waya, na mayai mawili ya mjusi kafiri yamegandia ubavuni. Kutu ilikuwa nusu ya kisa. Transfoma nyingi za kielektroniki zilizotengenezewa halojeni zinataka mzigo usiopungua wati 20 hivi. LED mbili za wati 5 hazifiki hapo, basi zinapepesa. Na ukibaki na halojeni, wati 50 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 4. Waya mrefu mwembamba hapo unapata moto, na taa ya mwisho inafifia.

Mwenye sola ya betri ya volti 12, geuza orodha yangu juu chini. LED za volti 12 anaziunga bila transfoma, na stima ikipotea viazi karai vinaendelea kukaangwa. Pakiti iwe imeandikwa DC, umeme wa betri, kwani nyingine ni za AC tu, umeme wa aina ya stima ya ukutani.

Usitoke dukani bila kusoma CRI, alama hadi 100 ya jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi za vitu. Chini ya 80 iache, 90 ndiyo raha: samaki ataonekana rangi yake, si kijivu. Ile ya juu ya meko iwe IP65, yaani iliyozibwa vumbi na maji, mvuke wa nazi usipenye.