"Tyubu imekufa hiyo, bosi": fundi wa Kariakoo na TV ya chogo ya mama

Nyota moja, na hiyo moja si ya fundi. Ni ya kijana wa nje aliyenisaidia kuishusha TV kwenye bajaji bila kuomba hela ya soda.

Mama anaishi Kigamboni, karibu kabisa na bahari, na ana TV ya chogo ya inchi 21, ile ya tyubu, yaani kioo kinene cha picha chenye shingo kwa nyuma, ambayo hataki kusikia habari ya kuitupa. Analojia ilipozimwa Dar mwisho wa 2012 tuliifungia king'amuzi kwa zile waya nyekundu, njano na nyeupe, maisha yakaendelea. Masika haya ndiyo ikaanza vituko. Ukiiwasha asubuhi, maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari yamechujiana kama kanga mpya maji ya kwanza. Rangi ipo, mwanga upo wa kutosha, ila huwezi kusoma neno. Iache ipate moto, nusu saa hivi, picha inajikusanya yenyewe mpaka unaona dakika za mpira pale konani. Kesho yake asubuhi, yaleyale.

Nilimweleza fundi hivyohivyo. Nilikuwa nimevuka na chogo lile kwenye pantoni, jasho linanitoka, watu wananiangalia kama nimetoka kuiba makumbusho. Yeye macho kwenye simu.

"Tyubu imekufa hiyo, bosi."

Nikamwambia hata hujaiwasha.

"Sasa niwashe nini? Chogo zote zikifika hapa ni tyubu. Chukua flati hapo, nakufanyia bei."

Na flati zenyewe zimepangwa nyuma yake mpaka darini. Hapo ndipo damu ilipoanza kuchemka.

Nilipogoma kuondoka akafungua mgongo wa TV, simu kaibana kwa bega anaongea na mtu mambo ya kiwanja, akachukua bisibisi na kuzungusha nobu mbili za flaibeki, ile transfoma inayoipa tyubu volti kubwa. Moja ni ya fokasi, ya kukaza picha isomeke; nyingine wanaiita skrini, ya kupandisha mwanga. Kazungusha zote, bila kuangalia kioo. Picha ikawa nyeupeee, na mistari myembamba ya mshazari ikatokea toka upande huu hadi ule. "Si umeona?" akasema. Elfu kumi na tano ya kufungua. Risiti? Akacheka.

Ile mistari haina uhusiano wowote na tyubu kufa. Ni mwale wa elektroni unaporudi juu kuanza picha upya. Siku zote upo, ila TV inauficha. Ukipandisha skrini kupita kiasi unajitokeza. Aliutengeneza yeye mwenyewe mbele ya macho yangu, kisha akauita ushahidi!

Haya, tuwe waungwana. Tyubu hufa kweli. Zikichoka, picha inafifia, inachelewa kuja, au rangi moja inapotea na wote mnakuwa na nyuso za kijani. Na ukilazimisha mwanga kwenye tyubu iliyochoka, picha inaweza kutawanyika pia. Kwa hiyo mtu aliyeona chogo nyingi anaweza kukosea, na kwa dakika chache nilipokuwa narudi feri nilitaka kumwongezea nyota ya pili. Basi nikafika nyumbani nikakuta skrubu mbili za mgongoni hazipo. Nyota ya pili ikaishia hapo.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja anayefanyia kazi barazani kwake, hukohuko Kigamboni. Nikamwamkia, nikaeleza. Akauliza swali moja tu: "Mnakaa karibu na maji?" Halafu akaanza na kitu ambacho yule wa Kariakoo hakukifikiria: alitoa chaji. Waya umeshikwa kwenye ule waya mtupu wa ethi uliozunguka mgongo wa tyubu, ncha ya pili kwenye bisibisi, bisibisi ikaingia chini ya ule mpira mwekundu ubavuni mwa tyubu. Ta! Akarudia tena, maana kioo kile hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.

Kisha akachomoa soketi shingoni mwa tyubu na kunionyesha. Pini ya fokasi imetengwa na wenzake, ina chumba chake. Ndani ya chumba kile kulikuwa na kutu ya kijani, mbichi, yenye chumvichumvi. Akakwangua kwa kucha, ikadondoka unga.

Alivyonieleza, ndani ya shingo kuna bunduki tatu, za nyekundu, kijani na bluu, zinazofyatua elektroni. Elektroni zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo mwale ukiachwa tu unafika kwenye kioo umetapanyika. Kinachoubana ni volti: kwenye kioo kama 25,000, na kwenye kopo la fokasi, kile kibati ndani ya shingo ambacho mwale unapita katikati yake, karibu robo ya hiyo. Tofauti ya volti hizo ndiyo lenzi, lenzi isiyo na kioo. Na mkondo kwenye waya wa fokasi ni kama haupo, kwa hiyo unyevu kidogo ukivujisha umeme pale kwenye soketi, volti inaporomoka na lenzi inaharibika. Soketi ikipata joto inakauka, picha inarudi. Ndiyo ile nusu saa ya mama! Nilimwambia yule bwana dalili nzima, neno kwa neno, naye alikuwa anauza kiwanja.

Soketi mpya elfu tano na ushee, kulehemu humohumo, skrini akairudisha chini mpaka mistari ikapotea, fokasi akaizungusha taratibu, jicho kwenye maandishi. Kona za picha bado si kali kama katikati. Nikauliza kwa ukali kidogo, maana nilishakuwa mtu wa kisirani. Akasema mwale unasafiri mbali zaidi kwenda konani, na fokasi ya TV hii ni moja kwa kioo chote, kwa hiyo anaiweka pa kati na kati. Sawa. Nyota nne kwa mzee. Ya tano nimeizuia kwa sababu aliniweka mpaka magharibi akisimulia redio za zamani. Anapatikana jioni tu, na ukimpelekea flati anakurudisha nayo.